Pete ya Komanda kwenye Msumari

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kwa sababu nikianza sipendi kukatizwa. Mimi si mtu wa hadithi za majini. Nimezaliwa Buyenzi, nimekulia chini ya magari mabovu ya baba yangu, na maisha yangu yote ya kazi nimetengeneza ndege za jeshi hapa Bujumbura. Kitu kikilia, natafuta bolti iliyolegea. Lakini hili nililiona kwa macho yangu haya, saa kumi na moja ya jioni, sijalala, sijaugua, na wallahi sijatia chumvi.

Miaka ile ya vita tulikuwa na rubani tuliyemwita Komanda. Jina lake naliacha, wanawe wako hai. Alikuwa ameruka tangu ujana wake mpaka mvi zikamwota ndani ya kofia. Wenzake wakishuka walikwenda kunywa bia, yeye alikwenda nyumbani, Kibenga. Ratiba ya shule ya watoto aliiweka mfuko mmoja na ramani zake. Popote alipotua mikoani alirudi na kitu: viazi, asali, maparachichi. Tulimtania kwamba ile ilikuwa ndege ya jeshi, siyo kikapu cha Mama Arlette. Mama Arlette ndiye mkewe. Naye alicheka tu, huku anaharakisha, maana kuvrefe, ile amri ya kutotembea usiku, haikumngoja mtu.

Sasa sikiliza desturi yetu, maana kisa chote kimekaa hapo. Siku moja akishuka ndegeni kwa kuruka, pete yake ya ndoa ilinasa kwenye chuma ikamvunja kidole, kikabaki kimepinda. Tangu siku hiyo, kabla ya kupanda alinivulia pete, nami nikaitundika kwenye msumari juu ya meza yangu. Akirudi hakuichukua mwenyewe hata mara moja. Alisimama mbele ya meza na kunyoosha mkono wa kushoto. Mimi nauliza, "Komanda, mashine iko sawa?" Yeye anajibu, "Iko sawa, Fundi," nami nampa pete yake. Kama mashine, yaani ndege, haikuwa sawa, alisema. Tulibaki wote tukaitazama, hata kama chakula chake kilikuwa kinapoa Kibenga. Yule bwana hakuwahi kunidanganya juu ya mashine.

Asubuhi ya mwisho alipeleka dawa Rumonge kwa ndege ndogo, peke yake. Akanivulia pete, akaondoka. Wakati wa kurudi mawingu yalimkuta juu ya ziwa. Walitafuta siku nyingi, wakaleta kipande cha kiti. Hakuna kingine kilichopatikana.

Pete ikabaki kwenye msumari. Najua unataka kuniuliza: kwa nini hukumpelekea mjane? Hata mimi nilijiuliza kila asubuhi. Kumpelekea ilikuwa kumwambia kwa mdomo wangu kwamba bwana wake harudi tena, na mdomo ulikataa. Nilimpenda yule mtu, sikufichi. Nikawa naifuta vumbi kila Jumatatu na kuirudisha msumarini.

Mwaka ukazunguka. Familia ikapanga kuganduka, ndivyo tunavyoita huku kwetu siku ya kumaliza msiba, watu wanywe pamoja na mjane aruhusiwe kuendelea na maisha. Ilipangwa Jumamosi. Nikaapa kwamba siku hiyo nitampelekea pete, liwalo na liwe.

Alhamisi ya wiki hiyo ilinyesha mvua kubwa. Wenzangu waliwahi kuondoka, nikabaki hangarini napanga spana zangu. Nikasikia viatu. Ulishawahi kumjua mtu kwa hatua zake? Sikuinua hata kichwa. Moyo wangu ulifurahi kabla akili haijakumbuka.

Alisimama mbele ya meza, na nguo zake za kurukia. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati, yeye alikuwa mkavu. Mkononi alishika chupa ya mawese, imezibwa kwa gunzi la mahindi. Akaiweka mezani taratibu. Akanyoosha mkono wa kushoto, na kidole ni kile kile kilichopinda.

"Fundi," akasema, "unipe pete yangu. Nimechelewa sana. Batoto bananingojea."

Niamini, sikuogopa. Ningeogopa ingekuwa afadhali. Nilinyanyuka, nikaitoa pete msumarini, nimeishika hivi, vidole vyangu na kiganja chake hata shubiri moja haikuwepo katikati. Halafu, mazoea yana tabu, mdomo wangu ukasema wenyewe:

"Komanda, mashine iko sawa?"

Akautazama mkono wake mtupu, kisha mlango, kama mtu aliyekumbuka jiko ameliacha linawaka. Uso wake ukachoka ghafla. Akasema polepole, "Apana, Fundi. Mashine haiko sawa. Wacha niende kuitazama."

Akageuka akatoka. Nilimkimbilia, nikaita, nikasema pete hii hapa, Komanda, mashine tuiache! Uwanja mzima ulikuwa maji tu.

Jumamosi nilikwenda Kibenga. Nikasubiri mpaka hotuba zimekwisha na wageni wanawahi kuvrefe. Nikamwita Mama Arlette pembeni, nikampa ile chupa iliyobaki mezani kwangu. Akakaa chini palepale. Asubuhi ile ya mwisho, akaniambia, alimwagiza bwana wake mawese ya Rumonge, wakiwa wawili tu mlangoni. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Basi nikamweleza yote, mpaka lile swali langu.

"Alikuwa anakuja nyumbani," akasema. "Mwaka muzima alikuwa njiani anakuja kwetu. Weye ukamuuliza mashine?"

Nikamnyooshea pete. Akaisukuma.

"Mimi usinipe. Uliwekewa wewe, ukae nayo. Siku akirudi, umupe yeye."

Hakuwa amenikasirikia, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Aliniaga vizuri, akaniwekea na chakula cha watoto wangu. Ile chupa ya mawese haijafunguliwa mpaka leo, iko dirishani kwake, upande wa ziwa.

Vita vilikwisha, nami nimestaafu. Pete ninayo hapa mfukoni, ukitaka nitakuonyesha. Mvua ikinyesha jioni natoka Buyenzi na mwavuli, nakwenda kusimama kwenye uzio wa uwanja wa ndege. Walinzi wamenizoea, wananiita mzee wa mvua. Nasimama pale najizoeza maneno: karibu Komanda, shika pete yako, nenda nyumbani. Hajaja tena. Nadhani bado anaitafuta mashine ili aweze kunijibu ukweli.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenisikiliza. Mtu wako akikujia siku moja kwa kuchelewa namna ile, usimuulize kazi, usimuulize alichoacha nyuma. Mpe kilicho chake upesi, umwonyeshe njia ya kwao. Swali hata dogo linaweza kumrudisha alikotoka. Mimi yangu yalikuwa maneno manne tu, na watoto wa Komanda wamekuwa watu wazima bila kumwona baba yao akiingia mlangoni.