Verna Kinnunen Aambiwa Si Mtu

Watu wote wa kando ya ziwa lile, kaskazini mwa Minnesota, wangeweza kushuhudia kwamba Verna Kinnunen ni mtu. Kanisani aliimba sauti ya pili, jikoni alikanda mkate wa iliki, na akikasirika alinyamaza kwanza, kisha ole wako. Lakini asubuhi ile ya Februari kompyuta ilimwambia, kwa adabu kabisa, kwamba huenda yeye ni roboti.

Alitaka kuingia kwenye soko la mtandaoni kwa jambo moja tu. Kodiani ya marehemu mumewe, Toivo, ile ya kuvuta na kubana kwa mikono, ilikuwa mnadani, na mnada ungefungwa saa sita mchana. Shemeji yake, kwa wema wake usio na macho, aliitia kwenye maboksi ya nguo yaliyokwenda kuuzwa kanisani, na tangu hapo haikujulikana iliko. Sasa hiyo hapo pichani, mezani kwa mtu, na mkanda wake uleule ambao Verna aliushona kwa kipande cha mshipi mwekundu.

Akaandika jina na neno la siri. Maisha yake yote alikuwa karani wa kupiga chapa kwenye ghala la nafaka, na vidole vyake kumi vilikimbia sawasawa kama mvua juu ya bati. Kompyuta ikajibu: Tumegundua mwenendo usio wa kibinadamu.

"Usio wa nini?"

Jirani yake, Orville Haugen, aliyekuja kuazima koleo la theluji akaishia kwenye kahawa, akacheka. "Haraka zako hizo, bibie. Donoa kama kuku. Mimi nadonoa kwa kidole kimoja, na hakuna aliyewahi kuniita mashine."

"Wewe hakuna aliyewahi kukuita kitu chochote kinachofanya kazi, Orville."

Akadonoa. Likaja jaribio: chagua picha zote zenye barabara. Akachagua ya lami, ya changarawe, na ile ya ziwa lililoganda, yenye alama za magurudumu. Umekosea. Zikaja picha nyingine, na ziwa jingine. Akalichagua. Umekosea.

"Lakini hiyo ni barabara!"

"Barabara kabisa," Orville akasema, akimega mkate. "Jana nimepita na pikapu juu ya ziwa letu. Nzuri kuliko ile ya lami."

"Sasa huyu anataka nini?"

"Labda katokea Florida, kusikoganda ziwa."

Kisha: Akaunti yako imefungwa hadi kesho, kwa usalama wako.

Verna akanyamaza. Orville akaweka kikombe chini taratibu, maana aliujua ukimya ule.

"Usalama wangu dhidi ya nani? Dhidi yangu mwenyewe?" Akapiga simu ya huduma. Sauti ya mashine ikamtaka athibitishe kwamba si mashine. Akaikata kwa kidole kama anayeua mbu.

Kununua alikatazwa, kutazama hakukatazwa. Akaitazama tena ile picha, kwa uchungu tu. Nyuma ya kodiani palikuwa na dirisha, na dirishani, ng'ambo ya barafu, mnara wa kanisa wenye fimbo ya kukinga radi iliyopinda.

"Orville. Kanisa letu linaonekana hivi ukiwa wapi?"

Orville akainama, akakunja macho. "Ghuba ya ng'ambo. Wakati wa baridi kuna nyumba moja tu yenye moshi."

"Vaa buti."

Kuzunguka ziwa kungewachukua saa nzima, na saa sita ilikuwa inabisha hodi. Wakakata katikati ya barafu kwa pikapu ya Orville, vioo vimeshushwa na mikanda imefunguliwa ili barafu ikipasuka waruke nje, kama apitavyo kila mwenye akili. Baridi iliwachoma masikio. Verna hakuacha kuisema ile kompyuta mpaka wakafika.

Mlango ulifunguliwa na jamaa mnene mwenye soksi tupu miguuni, aitwaye Duane.

"Kodiani!" Verna akasema, akihema. "Usimuuzie mtu!"

"Nimuuzie nani, mama? Tangu jana soko limenifungia nje. Eti mimi roboti. Ichukue kwa bei niliyoandika, nipumue."

Verna akamkazia macho. "Ulichagua ziwa?"

"Kwani si barabara?"

Verna akaketi palepale kizingitini, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akapakata kodiani. Hakujua kupiga hata wimbo mmoja. Akaivuta tu, ikatoa mlio kama ng'ombe aliyecheleweshwa kukamuliwa, na Orville akavua kofia.