Kibati chenye herufi M

Tulikuwa watatu: miye, nikiwa mutoto, shangazi Nabintu aliyefagia nyumba ya vitabu ya wachunguzi wa samaki pale Uvira, na binti yake Furaha. Juzi nimeona kibati cha jina juu ya muti, nikawakumbuka.

Ndani ya nyumba ile mulinuka karatasi na dawa ya samaki waliowekwa katika chupa. Nje, kila muti ulikuwa na kibati cha jina lake, sawa na misalaba ya makaburi yetu. Mama yangu, Mapendo, alikuwa amekufa, na hakuna aliyenionyesha kaburi lake. Nilijua kusoma M tu. Nikaipata kwenye kibati kimoja, nikaketi chini ya muti ule, nikamusalimia mama.

Furaha akacheka. "Weye, unaongea na muti?"

"Na mama."

Shangazi alijua kusoma. Neno lile la M lilikuwa jina la muti tu, si la mama. Akaweka ufagio chini. "Mapendo, mutoto wako iko hapa."

Maua ya muti ule yalikuwa ya njano. Kama nimekosea rangi, munisahihishe, maana wale wawili ambao wangenikumbusha hawako tena.