Kifaa Ni cha Kitengo

Watoto walimwita Dada Vifungo, na mgeni akilisikia jina hilo alidhani anashona mashati. Kazi yake hasa ilikuwa kufufua vilivyokufa: vifaa vya kusikilizia, vinasa sauti, taa za kukuzia maandishi, magurudumu ya viti. Ufundi aliupata kwenye kibanda cha redio na simu cha baba yake mdogo. Shule ilipoanzisha kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, yeye ndiye aliyekubali kukaa katika stoo ya zamani ya madawati, yenye dirisha moja, meza moja na kabati la chuma.

Mwaka wake wa tatu aliletewa msichana wa miaka kumi. Alizaliwa kwa shida, mwili ukakakamaa na ulimi ukagoma. Mama yake alimsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka mlangoni, akasema kabla ya salamu, "Mwalimu, mimi naomba akae tu na wenzake. Kusoma najua hataweza."

"Mimi si mwalimu, mama. Fundi tu. Anasikia?"

"Anasikia kila kitu. Hata umbea."

Msichana akaangua kicheko, mate yakamtiririka. Dada Vifungo naye akacheka.

Kabatini kulikuwa na kishikwambi chenye picha. Ukigusa picha, kinatamka neno. Ila sauti iliyokuja nacho ilisema Kiswahili kama mtu anayetafuna kokoto. Dada Vifungo aliizima. Akamwita mdogo wa yule msichana, mtoto wa miaka minane mwenye mdomo mwepesi, akatundika blanketi dirishani kuzuia kelele za uwanjani, wakarekodi neno moja moja kwa wiki tatu. Walipomaliza yalikuwa mia mbili na kumi na manne. Kwa kuwa kiungo pekee kilichomtii msichana kilikuwa kidole gumba cha kulia, fundi alikata kipande cha plastiki, akakitoboa matundu na kukibandika juu ya kioo ili kidole kisiteleze.

Siku ya kwanza mama aliinama. "Haya, sema mama."

Kidole kilizunguka, kikatafuta, kikatua. "Sitaki."

"Jamani! Miaka kumi namlisha, neno la kwanza ananikatalia!" Mama alilia na kucheka kwa wakati mmoja, akifuta macho kwa upindo wa kanga.

Muhula haukuisha kabla wenzake hawajambandika jina la Wakili, maana hakuna hoja aliyoiacha ipite. Mwalimu wa hesabu alijikuta akiambiwa "Rudia" mbele ya darasa zima. Mgeni mmoja alipompapasa kichwa na kumwita mgonjwa wa watu, Wakili aligusa picha moja baada ya nyingine, mgeni amesimama, jasho linamtoka: "Mimi. Si. Mgonjwa. Mimi. Nachelewa."

Siku moja aligusa "Yangu," kisha akamtazama Dada Vifungo kwa macho ya kuuliza.

"Yako," alijibu fundi, akiunga waya. "Nani atakunyang'anya maneno?"

Aliyasema hayo bila kufikiri.

Msichana alipofika darasa la mwisho, barua ilitoka ofisi ya elimu. Wanaomaliza shule warudishe vifaa, vifutwe, viandaliwe kwa wengine. Sekondari aliyopangiwa Wakili haikuwa na kitengo, na madarasa yake yalikuwa ghorofani. Dada Vifungo aliandika barua tatu. Hakujibiwa hata moja. Akaomba ruhusa ya siku moja, akaenda mwenyewe.

Ofisa alimpokea vizuri, akampa kiti. "Sikatai, dada yangu. Lakini kifaa si cha mtoto, ni cha kitengo. Tukimpa huyu, kesho watakuja wote."

"Waje. Kwani wako wangapi?"

Ofisa alifunua faili, akalifunga. "Hiyo takwimu sina. Tuandikie barua, tutaangalia."

Mtunza stoo wa shule, mzee aliyebakiza miezi michache kustaafu, alimvuta pembeni. "Binti yangu, andika kimeharibika. Kimeanguka, kimekufa, basi. Nani atakuja kukagua maiti ya kishikwambi?"

"Wakinikamata kwa uongo wa kimoja, watanipokonya vyote, mzee. Ngoja nijibiwe."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Alichomjibu mzee kilikuwa kweli, lakini nusu. Nusu nyingine ni kwamba alikuwa na watoto wawili na mama mgonjwa, na aliogopa kufukuzwa kazi. Akaandika barua ya nne.

Siku ya kurudisha, Wakili alikuja na sare iliyopigwa pasi. Dada Vifungo alishindwa kueleza, akamwekea ile barua ya ofisi mbele. Msichana aliisoma mwenyewe, polepole, mpaka kwenye muhuri. Kisha kidole gumba kikatafuta tundu lake.

"Uongo."

Akagusa tena. Na tena. Sauti haikupanda wala haikushuka. Ilikuwa ya mtoto wa miaka minane, ilirekodiwa mara moja tu, siku aliyokuwa na furaha.

Kishikwambi kiliuliza kama ana hakika anataka kufuta yote. Dada Vifungo akakubali. Zile sauti alikuwa amezinakili kwenye kadi ndogo, akampa mama. Simu ya mama haikuwa na pa kuichomeka. Alimpa pia ubao wa karatasi ngumu wenye picha zile zile.

Kifaa kilikaa kabatini miezi kumi na moja kikisubiri orodha ya wanaostahili. Betri ikavimba, ikapasua mgongo wake. Kwenye daftari aliandika "kibovu," akatia sahihi. Hakuna aliyekuja kukagua.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwa akina Wakili. Ubao wa karatasi ulikuwa nyuma ya kabati la vyombo. Msichana alikaa karibu na dirisha, amekuwa mrefu, amekonda.

"Siku za kwanza alikuwa anagusagusa hewani," mama alisema, akionyesha kwa kidole gumba. "Hivi. Nikimwambia hakuna kitu hapo, analia. Sasa ameacha."

"Na wewe mama, unamwelewa?"

"Njaa naielewa. Na choo." Akamfuta msichana mate. "Usijilaumu, mwalimu. Ulifanya ulichoweza."

Dada Vifungo alitaka kumweleza kuhusu mtunza stoo, kwamba njia ilikuwepo na ilikuwa rahisi. Alifungua mdomo. Msichana alikuwa anamtazama usoni bila kupepesa, kama anayengoja. Fundi akaomba maji ya kunywa. Aliporudisha kikombe, msichana alikuwa amegeukia dirishani.

Mama alimsindikiza mpaka barabarani, akamshukuru kwa kuwakumbuka, akamwambia asipotee. Dada Vifungo bado anafanya kazi katika chumba kile kile. Nyumbani kwa Wakili hajarudi.