Udongo Usiokula

Shamba letu la Kishushe liko mteremkoni, chini ya rundo la mawe yaliyotolewa machimboni. Mume wangu alichimba huko miaka mingi. Alipofariki nilimzika mwisho wa shamba, pale maji ya mvua yanapotuama yakishateremka kutoka kwenye rundo.

Misimu ikapita. Nikaona mabua ya mahindi hayaozi. Mavi ya mbuzi niliyotandaza yalikaa vile vile. Mchwa hawakuonekana.

Afisa wa kilimo, mama wa makamo, aliniambia nizike kitambaa cha pamba tupu. Madini ya yale mawe, alisema, huenda yamelemaza vimeng'enya, vitu ambavyo viumbe wadogo wa udongoni hutoa ili kuvunjavunja kila kilichokufa, kama mate yanavyolainisha chakula. Udongo ukiwa mzima, pamba huisha.

Mama mkwe wangu alimcheka. "Umesoma kote huko uje kuzika nguo? Sisi hapa huzika watu."

"Nguo hailalamiki, mama," afisa alimjibu.

Nilichana shuka. Kipande kimoja nikakifukia karibu na kaburi, kingine dada yangu akakifukia kwenye migomba yake Mbololo, mbali na machimbo.

Mama mkwe hakucheka tena. Zamani kwao, mtu akishaliwa na udongo, fuvu lake lilipelekwa pangoni kwa wazee waliotangulia. Siku hizi hatufukui, sisi ni watu wa kanisa, lakini kwake yeye marehemu hafiki kwao mpaka udongo umalize kazi. Naye alitaka kulazwa kando ya mwanawe. Sasa akawa anasubiri kitambaa.

Msimu ulipoisha, cha Mbololo kilirudi kama utando wa buibui. Changu kilitoka kizima, mishono ya pindo ikionekana yote. Nilikinusa. Hakikuwa na harufu yoyote, hata ya udongo.

Nilimuuliza afisa kama mwili nao uko hivyo. Alisema hajui, pamba si mtu. Nikamweleza mama yote, na hilo pia, ingawa nilitamani kunyamaza.

Alitazama mwisho wa shamba. "Kwa hiyo huenda bado yuko."

"Sijui, mama. Mbololo kwa dada kuna nafasi ya kaburi."

"Mbololo nina nani? Nizike hapa. Asisubiri peke yake."

Alipofariki tulimzika hapo, kabla ya mvua za vuli. Wachimba kaburi walianza kwa mzaha na kelele. Walifika chini bila kukuta mzizi wala mdudu, wakamaliza kazi kimya.