Akina Kambale Niliowafanya Mmoja

Nakumbuka asubuhi moja ambayo hadi leo sipendi kuisimulia. Sijafika umri wa kumwita mtu mwanangu, lakini wewe unayejifunza kompyuta peke yako kwenye simu, kama nilivyojifunza mimi, niruhusu.

Kituo kimoja cha afya hapa mtaani kwetu Katoyi kilikuwa kinaandika wagonjwa katika hifadhidata ndogo, faili moja kwenye kompyuta moja. Ilikuwa imewazidi: wauguzi wawili wakiifungua pamoja, inaganda. Wakaniomba nihamishe muundo wake, majedwali na kanuni zake, kwenye mfumo mpya ambao wote wangeutumia kwa pamoja.

Mwanangu, mimi sivumilii uchafu. Nikakuta safu iitwayo "Mengine", nusu tupu, nusu imejaa maneno ya kila namna: yule anayetoka Kibati, mama yake anauza makala, yaani makaa, mwili unakataa penisilini. Nikaitupa. Nikakuta watoto wenye jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa. Nikaweka kanuni kwamba wasijirudie, nikawaunganisha. Sikumwuliza mtu.

Na mimi ni Mnande kwa kabila. Ninajua kwamba kwetu mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, karibu katika kila nyumba. Ninajua kwamba mama asipokumbuka tarehe, muuguzi anaandika tarehe moja Januari. Nilijua yote hayo, ila nilipokaa mbele ya skrini nilitaka tu jedwali lipendeze.

Siku ya kwanza ya mfumo mpya nilisimama nyuma ya Mama Furaha, muuguzi mkuu. Akaingia mama mmoja na mtoto wake mwenye homa, Kambale Daniel. Mama Furaha akasoma skrini, hakuona onyo lolote, akavuta penisilini kwenye sindano.

"Hapana, Mama Furaha, ile dawa hapana," yule mama akasema, akimvuta mtoto kifuani. "Ilimuvimbisha mupaka macho. Si uliandika?"

"Niliandika." Akanigeukia, akaniita kwa jina walilonibandika pale kituoni kwa ajili ya kompyuta. "Papa Mashini, iko wapi?"

"Niliifuta, mama. Ilikuwa chafu."

Akaiweka sindano chini polepole. "Basi huyu mutoto angekufa kwa usafi wako."

Nikaketi kwenye kompyuta, nikaufunga mfumo wangu mpya.

Siku hiyohiyo tulirudi kwenye faili la zamani. Wiki nzima Mama Furaha alinikalisha kando yake, akinieleza safu moja moja ilianza kwa ajili ya mgonjwa gani. Akina Kambale Daniel walikuwa watatu.

Mwanangu, usiuguse muundo wa watu kabla hujakaa na aliyeujaza. Safu inayokuchukiza, muulize ilitoka wapi. Hamisha vyote kwanza, hata vinavyokuudhi. Kusafisha mtasafisha baadaye, wewe na yeye. Mungu akulinde na mikono yako siku utakayojiona hodari, na kila mtoto utakayemwandika arudi kwao mzima.