Ikhlas Ashuka Karakanani

Wanawe wawili walipokwenda Kuwait na binti yake akaolewa Mansura, Ikhlas hakujua aifanyie nini mikono yake. Mimi hushona vitambaa vya viti hapa Dumyat, mlango wa pili kutoka karakana ya mumewe, kwa hiyo niliona yote. Alifua mazulia safi. Alipanda darini na kushuka mara tano asubuhi moja. Jumatatu akashuka hadi karakanani, akamwambia mumewe, Fundi Sherbini, "Nifundishe huo msumeno wa mkanda."

"Huu si mashine ya kusagia nyanya, Mama Wagih."

"Ya nyanya ninayo, na nimeichoka."

Fundi Sherbini amekata mbao miaka thelathini na vidole vyote kumi anavyo. Alimvua mkewe bangili, akamkunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko, akamfunga ncha za mtandio kisogoni. Glavu alizokuja nazo akaziweka kando. "Meno yakishika glavu, mkono unafuata."

Akamfundisha kuteremsha kinga ya utepe wa meno hadi karibu kabisa na ubao, kutoweka kidole kwenye njia ya meno, kumalizia kwa kijiti cha kusukumia, na kutookota kipande mpaka utepe usimame.

"Na usisukume kwa pupa. Msumeno wenyewe unakula kwa mwendo wake."

Hapo ndipo palipomshinda. Alisukuma kama aliyechelewa gari, na mkato ukapinda.

"Huo mstari umekunywa nini?" nilimuuliza nikiwa mlangoni.

"Chai yako, Shukria. Ndiyo maana unayumba."

Alhamisi mumewe alikwenda kuswali adhuhuri. Ikhlas hakuweza kungoja. Alichukua mti wa mviringo, akitaka vishikio vya droo, akaulaza mezani na kuushika kwa mikono mitupu. Meno yalipougusa tu, mti ulizunguka ukamchopoka, na utepe ukakatika kwa kishindo kilichonifanya nidondoshe sindano. Nilimkuta ameegemea ukuta, anahesabu vidole. Mashine bado ilikuwa inanguruma; niliizima mimi.

Fundi Sherbini aliporudi aliuliza neno moja tu: "Mikono?" Akaitazama mbele na nyuma. Kisha akaketi juu ya gunia la vumbi la mbao.

"Kitu cha mviringo hakikatwi hivyo," alisema. "Sikukwambia."

"Na mimi sikungoja."

Siku tatu hakushuka. Nilimsikia huko juu akiburuta vitanda, akivirudisha, akiviburuta tena. Ya nne alikuja akasimama mbele ya mumewe. "Haya, kinakatwaje?"

Walichonga kwenye bao nene mfereji wenye umbo la V, mti ukalala humo bila kuzunguka. Ikhlas alikata vishikio sita, taratibu, akiwa ameuma meno.

Sasa hukata miguu ya viti, ile yenye kupinda. Huanza na mikato mifupi ya pembeni ili vipande vidondoke vyenyewe na utepe usibanwe kwenye kona. Kati ya mguu na mguu huzima mashine, huja kwangu, hupanga upya nyuzi zangu nisivyotaka, huondoka kabla sijamaliza sentensi. Fundi Sherbini siku hizi hushuka saa nne, baada ya kifungua kinywa, kwa sababu anajua milango imeshafunguliwa.