Kitambaa cha Mashini ya Diski

Juzi, kwa fundi mmoja wa mtaa wa Makomeno, niliona mashini ya diski, ile ya kuonyeshea filamu kwenye televisheni, imepasuliwa, fundi akitafuta ndani vyuma vya kuuza. Ilikuwa aina ile ile ambayo baba aliingojea.

Alikuwa amesoma habari zake katika gazeti kabla haijafika kwetu: picha yake ingekuwa safi hata uone jasho kwenye uso wa mchezaji.

"Tungoye kwanza," alisema. "Bei itashuka."

Mama naye, kama walivyofanya wamama wa mtaani kwetu, alianza kwa kuifumia kitambaa cheupe cha kuifunika.

Kisha mgodi alikofanya kazi baba ukafungwa. Nyumba ikanuka sombe kila jioni, maana hatukuwa na mboga nyingine ila hayo majani ya muhogo. Friji ikaondoka, viti vya sebuleni vikafuata. Mimi nilifurahi, maana nilidhani tunaitengenezea mashini nafasi.

Mchana mmoja mfanyabiashara kutoka Kivu alikuja na pusupusu, mkokoteni wa kusukuma kwa mikono, kuchukua televisheni. Mama akaifunika kwa kile kitambaa ili vumbi la njiani lisiingie.

"Mama, kile kitambaa iko ya mashini!" nililia.

Mama alitoka nje. Baba, aliyezoea kuniita mama mimi bintiye, ndiye aliyenijibu, macho yake ukutani.

"Bei haiyashuka bado, mama."

Magurudumu ya pusupusu yalilia mpaka kwenye kona. Nikachukua ufagio, nikafagia vizuri pale ilipokuwa televisheni, kisha nikamvuta baba mkono aje aone nafasi ya mashini ilivyokuwa kubwa.